Folda Iliyoitwa Mama

Tarehe 9 Februari

Moyo wa kompyuta ya kaka yako umetolewa, nimekutumia, uko njiani. Ukifika usiuweke karibu na maji.

Haya, sasa salamu. Kitinda wangu, hujambo? Mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua nikikaa na cherehani muda mrefu, lakini mgongo huo unaujua, ulianza kulalamika kabla hujazaliwa. Shangazi yako hajambo, yeye na mdomo wake. Jirani wa geti jeusi amepaka nyumba rangi upya, imekuwa kama keki, nimemsifia kwa sababu alisimama nje akingoja kusifiwa. Na mimi nimepata kazi ya sare za shule ile ya kilimani, shule nzima. Mwalimu mkuu alikuja kwa miguu yake mwenyewe, hakutuma mtu, akasema mshono wangu hauna mwenzake. Sisemi mimi, kasema yeye.

Sasa kilichonikalisha niandike. Tangu tumzike kaka yako, kompyuta yake ilikuwa kwenye meza yangu ya kushonea, nimeifunika kitambaa. Kuna jambo hukulijua. Kaka yako alikuwa ananisomea gazeti, maana macho yangu na maandishi madogo wamegombana. Halafu akaona akienda kazini mimi nabaki na cherehani siku nzima, hakuna wa kuniambia kitu. Akaanza kujirekodi. Anasoma gazeti lote, mpaka matangazo ya nyumba za kupanga, anayaweka humo ndani, na mimi nabonyeza pale aliponionyesha. Nashona huku namsikiliza. Alipoondoka sikuacha kubonyeza. Habari zilikuwa zimechacha, lakini sauti yake haikuchacha.

Juzi nilibonyeza, haikuwaka. Nikaipeleka kwa Fundi Redio, yule tajiri wa kaka yako pale dukani. Akaifungua, akainusa, akasema kompyuta imekufa, ila kile kifaa kinachotunza vitu ndani huenda bado kina uhai. Kukisoma hawezi. Nikamwambia, bwana wewe, mimi nina mtoto anayeongea na kompyuta kwa lugha yao. Akasema basi mtumie yeye. Amekifunga kwa sponji, nami nimekishonea mfuko wa kitambaa cha sare, mshono juu ya mshono, hata ukiuvuta kwa meno haufumuki.

Ningekupigia simu, lakini sisi wawili tangu mwaka jana tukishika simu tunasikilizana pumzi mpaka salio linakwisha. Kwenye barua angalau naongea mpaka namaliza.

Nitafutie sauti yake humo. Sitaki kingine.

Mama yako

*

Tarehe 2 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Mzigo umefika salama. Mfuko wako umezunguka ofisi nzima, mmoja ameuliza kama unashona na mikoba. Naishi chumba kile kile, dirisha bado linatazama ukuta wa jirani. Kazi ni nyingi. Naomba usikae sana na cherehani.

Kifaa ulichotuma kinaitwa diski. Bado inazunguka, lakini kwa taabu, inatoa mlio kama kisu juu ya sahani. Nikiifungua kwa njia ya kawaida, ya kubonyeza picha kwenye kioo, kompyuta yangu inaganda. Kwa hiyo naandika programu yangu mwenyewe, ya kuingia humo taratibu. Naiandika kwa lugha ya C. Ukiisoma hiyo herufi tamka "Sii".

Inafanya kazi hivi. Inakwenda kwenye folda, inapiga hodi kwa amri inayoitwa opendir. Folda ikifunguka, inasoma majina yaliyomo, moja baada ya jingine, mpaka yaishe. Jina likiwa la faili, inaliandika. Likiwa la folda nyingine, inapiga hodi na huko. Ikimaliza inafunga mlango na kutoka.

Jana ilinifanyia kichekesho. Ndani ya kila folda huwa kuna majina mawili ambayo mwenye folda hakuyaweka: nukta moja, na nukta mbili. Nukta moja ni folda yenyewe. Nukta mbili ni mzazi wake, yaani folda iliyoibeba. Nilisahau kuiambia programu iyaruke. Basi ikaingia kwa mtoto, ikaona nukta mbili, ikarudi kwa mzazi. Kwa mzazi ikamwona mtoto, ikaingia tena. Ikawa inapanda na kushuka hapo hapo mpaka ikakwama. Nimeongeza mstari wa kumruka mzazi, sasa inashuka tu.

Naomba kitu kimoja. Kaka alikuwa na tabia ya kuweka nakala kwenye flashi, kile kijiti kidogo kama kidole kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kama aliweka, itakuwa chumbani kwake, kwenye droo ya meza au mfuko wa koti la kazi. Ukiipata, pengine hatutahitaji kuisumbua diski hii.

Mwanao

*

Tarehe 28 Machi

Kitinda wangu, marahaba. Mgongo unakusalimu.

Barua yako imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Nimemsomea Shangazi, nimemsomea Fundi Redio, na mwalimu mkuu alipokuja kuchukua sare za darasa la kwanza nikamsomea kipande cha opendiri. Alitikisa kichwa kwa heshima. Hakuelewa kitu, lakini mwalimu mkuu atasemaje hajaelewa mbele ya fundi cherehani wa darasa la saba? Nikamwacha na heshima yake.

Shangazi yako ndiye mtihani.

"Anaandika kwa lugha gani?"

"Sii."

"Si gani?"

"Sii."

"Kama si hiyo, ni ipi sasa?"

"Ndiyo hiyo. Sii."

"Wifi, ni ndiyo au siyo? Chagua moja."

Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Alipoelewa, badala ya kunyamaza akasema, "Yaani kusoma kote kule, kazi yenyewe ni kufungua mafolda na kusoma majina ya waliomo? Si kazi ya askari wa getini hiyo?" Nikamwambia askari wa getini hana opendiri. Ameondoka na bakuli langu.

Ila hilo la nukta mbili limenikaa. Kumbe kila mtoto humo ndani anatembea na mzazi wake, hata kama hakumwita, na ukitaka kazi iende lazima umruke. Haya. Nimecheka, usidhani nimenuna. Nimecheka, halafu nikakaa kidogo na uzi mkononi. Kuanzia leo niite Nukta Mbili, nirukwe nikiwa na jina.

Kuhusu flashi: nimeangalia chumbani. Hakuna kitu, ni tupu. Usihangaike na hilo, wewe endelea na diski.

Watu wote nimewaambia kwamba siku ukiitoa ile sauti tutakaa uani tuisikilize pamoja. Fundi Redio ataleta spika yake kubwa. Analeta hata viti, maana kaka yako alikuwa mkono wake wa kulia, tangu aondoke duka limejaa redio zisizosema. Wananiuliza lini. Nawaambia mtoto wangu si mtu wa kukurupuka, kazi ya lugha ya Sii inataka utulivu.

Nukta Mbili

*

Tarehe 11 Mei

Mama, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mzima. Huku mvua hainyeshi wala haiachi.

Programu imemaliza kazi. Imepita folda zote. Nyingi ni za dukani: michoro ya redio, picha za waya alizopiga kabla ya kuzifungua ili asisahau zilivyokaa. Ndani ya folda yake mwenyewe kulikuwa na nyingine, aliyoipa jina "Mama". Nilikuwa naisubiri hiyo.

Programu ilipofika ikaandika: tupu.

Nimeirudia. Imeandika tupu.

Pole, Mama. Sina la kuongeza. Diski nimeirudisha kwenye mfuko wako.

Mwanao

*

Tarehe 3 Juni

Kitinda wangu,

Sisi wazima. Shangazi amerudisha bakuli.

Tupu. Sawa, mwanangu. Umefanya kazi yako na hakuna atakayesema hukuifanya.

Sijamwambia mtu. Shangazi aliuliza barua inasemaje, nikamwambia inakusalimu. Fundi Redio alipita kuuliza spika ailete lini, nikamwambia kazi bado, folda ni nyingi kama nyumba za mji mzima, na mtoto wangu anapiga hodi moja moja. Alifurahi. Aliniambia kaka yako naye alikuwa hivyo, harukii kazi. Niliingia ndani nikajifanya natafuta mkasi.

Kuna kitu sikielewi. Mimi nilikuwa namsikia. Mpaka kompyuta ilipokufa nilikuwa nabonyeza, anasema. Kinachosema kila siku kinakuwaje tupu? Shangazi aliwahi kuniambia kwamba mkanda wa kaseti ukichezwa mno unafutika, unabaki unazunguka bure. Sasa najiuliza kama nami nilimbonyeza mno mpaka akaisha, kama kipande cha sabuni. Maana sikupumzika, Kitinda. Nilikuwa nabonyeza hata nikiwa sina nguo ya kushona.

Nijibu hilo peke yake. Kama ni mimi niliyemmaliza, sema. Nitalipokea.

Na tukiwa tunaongea: siku ya mazishi nilikuwekea nafasi kwenye benchi la mbele, nikaweka mkoba wangu juu yake. Waliouliza niliwaambia umeomba ruhusa kazini ikakataliwa, kama ulivyoniambia kwenye simu. Nikawaambia mtoto wangu kazi yake ni kubwa, akitoka yeye mitambo inasimama. Sikulaumu. Ni kwamba leo nimeukumbuka tu ule mkoba.

Mama yako

*

Tarehe 19 Agosti

Kitinda,

Hujajibu. Nimemuuliza kijana wa posta mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kutoka ng'ambo ya barabara, anaokoa muda.

Kama swali langu ni gumu liache, niandikie hata habari za mvua yako. Sare nimezimaliza, zimependeza, watoto wa shule ile wakipanga mstari unadhani wamechapwa kwa mashine. Mwalimu mkuu ananiletea na za mwaka ujao. Nikwambie nini tena. Cherehani ina kelele zake lakini kimya kinajua kupita katikati.

Jana nilishona mkono wa shati ukaelekea nyuma. Mimi, mkono nyuma. Nilikuwa najaribu kukumbuka kaka yako anavyotamka "michezo". Alikuwa na namna yake, akifika ukurasa wa michezo anaivuta ile "zo" kama anayeita mtu wa mbali. Nimejaribu kuitamka hivyo hapa nyumbani peke yangu, ikatoka sauti yangu. Nikaacha, nikafumua mkono.

Nukta Mbili, ambaye bado yupo

*

Tarehe 14 Septemba

Mama, shikamoo.

Naanza na jibu. Hukummaliza. Sauti iliyo kwenye kompyuta haipungui kwa kusikilizwa, ungeibonyeza miaka na miaka ingebaki vile vile. Nilipaswa kukuandikia hivyo siku ile ile niliyopata barua yako. Nilianza mara nyingi. Kila nikifika pale pa kusema basi kama si wewe ni nini, nilikuwa sina cha kuandika.

Sasa ninacho.

Wiki hii mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja mpole anayesoma kazi zetu kabla hazijatoka, aliniita nikaone programu yangu nyingine, ya ofisi. Ilikuwa imewaambia watu kwamba folda yao haina kitu, na kumbe imejaa. Akaweka kidole kwenye kioo, akauliza, "Hapa, ikishindwa kufungua, inasema nini?"

Nikasoma mstari. "Inasema tupu."

"Na ikifungua ikakuta hakuna kitu?"

"Inasema tupu."

Mimi nilikuwa nimeshainuka.

Mama, ile amri ya opendir ikifunguliwa mlango, inarudi imeshika kitu, kama ufunguo, na kwa ufunguo huo ndipo majina yanasomwa. Ikikataliwa, inarudi mikono mitupu. Na anayeiandika anatakiwa aiulize: umekataliwa kwa nini? Mimi sikuiuliza. Niliandika kwamba ikirudi mikono mitupu, itangaze tupu, isonge mbele. Folda isiyo na kitu na folda iliyokataa kufunguka nikazipa neno moja.

Nilirudi chumbani nikarekebisha mstari, nikachomeka diski. Kwenye folda yako safari hii ikaandika: Ruhusa imekataliwa.

Si ajabu. Kaka aliifunga ili asiingie mtu ila yeye, nawe kwenye kompyuta yake ulikuwa unaingia kwa jina lake, na diski ilipofika kwenye kompyuta yangu iliniona mgeni. Mwenye kompyuta ana uwezo wa kujipa ruhusa. Nikajipa.

Ilifunguka. Ndani kuna majina mengi, kila faili imeandikwa tarehe ya gazeti lake. Lakini upande huo wa diski ndio ulioumia. Nimezijaribu zote. Nyingine zinanguruma, nyingine zimenyamaza. Inayosikika ni moja.

Anasoma habari ya daraja lililofungwa kwa matengenezo. Anakohoa. Anasema, "Subiri Mama, kurasa zimeshikana," na unamsikia anazipuliza. Halafu anasema, "Usisinzie, bado hatujafika michezo." Niliizima hapo, sijui mbele kuna nini.

Ningeweza kuituma kwenye simu yako leo, lakini sitaki uisikie ukiwa peke yako, na mimi sitaki kuimaliza nikiwa peke yangu. Niambie nifanye nini.

Mwanao

*

Tarehe 5 Oktoba

Kitinda wangu, marahaba, marahaba tena.

Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa. Shangazi alinikuta, akaosha vyombo vyangu vyote na vya kwake alivyokuja navyo. Sijui alivileta kwa nini. Kurasa zilikuwa zinashikana kweli, kwa sababu nilikuwa namwekea gazeti chini ya glasi ya maziwa. Nilimfokea alipoanza kupuliza, nilimwambia ananipulizia mate kwenye kitambaa. Hilo halimo kwenye faili, hilo nimekuongezea mimi.

Mwaka wake ulitimia wiki iliyopita. Sikuandika, wewe nawe hukuandika. Basi.

Sasa nisikilize. "Ruhusa imekataliwa." Maneno hayo nayafahamu. Ndiyo uliyonipa kwenye simu mwaka jana, na mimi niliyapokea, nikayagawa kwa watu pale msibani mmoja mmoja. Leo naweka kidole kwenye kioo kama yule mama wa meza ya pili. Ilikataliwa, au haikuombwa? Usinijibu kama hutaki. Nimeuliza kwa sababu nimeona humo kwenye lugha yenu kuuliza kunaruhusiwa.

Na kabla hujaniona nakuchimba, mimi nina langu. Uliniambia nikatafute flashi chumbani kwa kaka yako, nikakujibu tupu. Kitinda, sikuingia. Nilikwenda mpaka mlangoni nikashika kitasa. Asubuhi kinakuwa baridi, jioni kinakuwa vuguvugu, na hayo ndiyo ninayoyajua ya chumba kile tangu tumzike. Nilirudi jikoni mikono mitupu, nikachukua kalamu nikaandika tupu. Kwa hiyo usimlaumu aliyekufundisha Sii. Kosa lile umelitoa kwangu.

Shangazi anasema chumba kipangishwe, ananiambia kila akija.

"Kina vitu vya watu," namwambia.

"Watu gani, wifi?"

"Watu."

Anatingisha kichwa, anazungumza mambo mengine. Si mbaya, ni mdomo tu. Mwenyewe nilimkuta siku moja amesimama pale mlangoni, ameegemeza paji la uso, akaniambia alikuwa anasikiliza kama kuna panya.

Siwezi kukifungua peke yangu, nimejaribu. Njoo tukifungue wote. Uje na hiyo moja.

Mama yako

*

Tarehe 2 Novemba

Mama, shikamoo.

Safari hii nimeomba ruhusa. Nimepewa, kuanzia katikati ya Desemba. Mkuu wa ofisi alisaini bila kuinua kichwa, akaniuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Imekwisha hivyo. Ilikuwa nyepesi kuliko kuomba kalamu. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kunitafuta, akakaa pembeni yangu na chai yake.

Diski nitaibeba mwenyewe, kwenye mfuko wako. Naleta na kompyuta yangu. Kama flashi ipo tutaichomeka hapo hapo. Na kama haipo, tunayo ile moja.

Mama, siku ile, ule mkoba uliuacha kwenye benchi muda wote?

Mwanao

*

Tarehe 17 Novemba

Muda wote, mwanangu. Walipoinuka kwenda kaburini nikauacha pale pale, Fundi Redio akarudi kunichukulia.

Hilo tumelimaliza, silirudii tena na wewe usilirudie. Hujambo? Sisi wazima. Mgongo umesikia kwamba unakuja, umenyooka. Jirani wa geti jeusi ameniuliza kama ni kweli anakuja yule binti wa kompyuta, nikamwambia ndiye, na kwamba ameruhusiwa na ofisi kwa shingo upande kwa sababu hawawezi kumpoteza hata siku moja. Najua ulivyoniandikia. Lakini jirani hakuandikiwa.

Watu nimewaambia ukweli ulivyo. Nimewaambia sauti ni moja, fupi, inahusu daraja. Fundi Redio alisema spika ataileta hiyo hiyo kubwa, hata kama ni ya neno moja. Mwalimu mkuu atakuja na mkewe. Mjomba wako ameahidi, ingawa ahadi za mjomba wako unazijua, kwa hiyo nimempa kazi ya kubeba benchi, aibu imlete. Shangazi ndiye aliyeuliza swali la maana kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo wao.

"Mkifungua chumba mkakuta hamna hiyo flashi, watu utawaambia nini?"

"Nitawaambia tumefungua, haimo."

"Na hutaumia?"

"Nitaumia, wifi."

Akasema basi atakuwa karibu.

Nimepanga hivi. Asubuhi mapema, kabla watu hawajafika, tutaingia mimi na wewe tu. Wewe utashika kitasa, mimi nitakuwa nyuma yako, na nikirudi nyuma unishike. Kitasa nimekitia mafuta ya cherehani, kinazunguka bila kelele. Tutafungua dirisha. Tutatazama droo, tutatazama koti. Kwenye koti sitaki kitolewe kitu mfukoni kabla sijalikumbatia, nakwambia mapema ili usione aibu ukiniona. Tutakachokikuta tutakitoa uani, na tusipokuta kitu tutatoka hivyo hivyo tuwasikilizishe habari ya daraja, mpaka mwisho, mpaka michezo kama ipo.

Mwambie na yule mama wa meza ya pili kwamba akipata nafasi anakaribishwa, nitampa godoro langu. Wengine wote nimeshawaambia, kila mlango kwa miguu yangu, na wewe nakuandikia rasmi kama mgeni wa heshima: tunawatarajia nyote Jumamosi, tarehe kumi na nne Desemba.